Damu ikirudi ukiwa kwenye dawa: kijue kirusi cha CMV

Mtu akianza kuhara damu huku Mamboya, wengi hufikiria amiba kwanza. Lakini wapo wagonjwa ambao utumbo wao hushambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe: wana kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn. Hao hupewa prednisoloni, azathioprini au dawa nyingine za kupunguza nguvu ya kinga, na wengi hupata nafuu. Sasa damu ikirudi wakati mgonjwa anameza dawa zake vizuri, kuna nini?

Huenda ugonjwa wenyewe umeamka. Huenda pia ni kirusi cha saitomegalo, kwa kifupi CMV. Kirusi hiki ni cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga, na hapa kwetu watu wazima walio wengi wanacho tangu utotoni, walikipata kwa mate, mkojo au maziwa ya mama. Kikishaingia hakitoki. Kinga ikiwa imara hulala kimya. Dawa zikiilegeza, huweza kuamka na kuchimba vidonda kwenye utumbo.

Hatari iko hapa. Dalili ni zile zile: kuhara damu, tumbo kuuma, homa, kukonda. Ukiongeza prednisoloni ukidhani ni ugonjwa wa zamani, unakipa kirusi nafasi zaidi, na utumbo unaweza hata kutoboka. Kipimo cha choo pekee hakimalizi ubishi. Daktari huingiza mpira wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa, akachukua vinyama vidogo penye vidonda vikapimwe maabara. Seli zilizoambukizwa huvimba, na wataalamu husema zinafanana na jicho la bundi. Bundi huyu, tofauti na yule wa juu ya paa, afadhali aonekane mapema.

Tiba ni gansiklovia, hutiwa kwenye mshipa mara 2 kwa siku, kwa kawaida wiki 2 hadi 3, na baadhi ya wagonjwa humalizia kwa vidonge vya valgansiklovia. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe, hivyo damu na figo hupimwa mara kwa mara.

Kwa wa Mamboya, anzia Hospitali ya Berega, uulizie rufaa ya kwenda Morogoro au Muhimbili. Beba paketi za dawa zote unazotumia. Usiongeze dozi kwa ushauri wa dukani, wala usiache prednisoloni ghafla, kwani mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuishiwa nguvu na shinikizo la damu likashuka. Tumbo likikaza au homa ikipanda, usisubiri siku ya kliniki.