Haki ya kura ikikataliwa, zuji wa Butembo ama Beni anaweza nini?

Tarehe 26 mwezi wa 12, 2018, CENI ilitangaza kwamba mji wa Beni, teritware ya Beni na mji wa Butembo hawatachagua pamoja na inchi yote tarehe 30. Sababu iliyotolewa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Yumbi, katika Mai-Ndombe, nayo iliahirishwa. Wachaguzi zaidi ya milioni 1 wakabaki inje ya kura ya rais. Rais mpya aliapa tarehe 24 mwezi wa 1, 2019. Huku kwetu tulichagua wabunge tu, tarehe 31 mwezi wa 3.

Kifungu cha 5 cha Katiba kinampa kila Mkongomani mwenye miaka 18 haki ya kuchagua. Basi, mkaaji angeweza kwenda tribinali ya amani ya kwake, zuji aamuru vituo vya kura vifunguliwe?

Hapana. Zuji anatumia uwezo ule tu sheria imempa. Tribinali ya amani inashika mambo ya jamaa, urizi na madeni madogo. Haiwezi kuvunja uamuzi wa ofisi ya taifa, hata kama zuji mwenyewe anaona raia wameonewa.

Milango ya kugonga ni hii:

- Matokeo ya rais na wabunge wa taifa: Mahakama ya Katiba, Kinshasa (kifungu cha 161). Hukumu yake haina rufaa.
- Matokeo ya wabunge wa jimbo: mahakama ya rufaa ya mambo ya utawala. Pale haijawekwa, Mahakama ya Rufaa ya kawaida ndiyo inashika kazi hiyo.
- Uamuzi wa wakubwa wa utawala wa taifa: Conseil d'État, Kinshasa (kifungu cha 155).

Ona shida ilipo. Kutoka tangazo mpaka kura zilikuwa siku 4 tu. Mtu wa Butembo alihitaji avoka, feza na ndege ya kufika Kinshasa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mbele ya kupeleka mashitaka uliza mambo matatu: nani alichukua uamuzi, unaomba nini, na muda wa kushitaki unaisha lini. Tribinali ikikujibu kwamba haina uwezo, usirudi nyumbani ukifikiri haki yako imekwisha. Uliza palepale ni mahakama gani inayo uwezo huo, na ufanye haraka.