Muhuri wa Mti na Nguo za Uzaramo

Aghalabu msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, awaonapo akina mama wa Kibaha wamejitanda kanga, hudhani nguo ile asili yake ni mtambo. Walakini kanga, kabla haijafika mtamboni, ilikuwa kazi ya mkono. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Unguja, mafundi waliitwaa merikani, nguo iliyotamalaki pwani baada ya mkataba wa Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na Marekani wa mwaka 1833, wakaipiga nakshi kwa muhuri wa mti, pigo baada ya pigo, hata pindo likatimia.

Kazi hiyo yataka subira. Rangi ikizidi hutapakaa, ikipungua hufifia. Ua la pili sharti lishikane na la kwanza pasipo pengo, na mkono ukitetereka, doa halifutiki. Mzaramo, mwenyeji wa nchi izungukayo Dar es Salaam, ambaye kabila lake ndilo la wachongaji wa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha wari, asingalishindwa kuchonga muhuri.

Ajabu ni kwamba mambo yalikwenda kinyume. Kanga zilizopigwa chapa Uingereza na Uholanzi zilifurika madukani, na mjini Mombasa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, alianza tijara yake mwaka 1887. Huku bara Wadachi, yaani Wajerumani, tangu mwaka 1902, waliwashurutisha watu wa wilaya ya Dar es Salaam kulima pamba kwa ujira wa dhihaka, hata vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905 Uzaramo nao ukainuka, na kiongozi Kibasila wa Kisangire, katika nchi ya Kisarawe, akanyongwa. Pamba ilitoka huku ikiwa mbichi, nguo ikarudi imekwisha kupambwa, na fundi wa muhuri, ambaye ustadi haukumpungukia, akashindwa kwa bei. Hata kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilileta mtambo karibu, wala hakikumrudisha fundi huyo.

Hata hivyo muhuri haukufa. Mafundi wa batiki, wengi wao wanawake, huuchovya katika nta ya moto, wakaugonga juu ya kitambaa, kisha wakakitumbukiza katika rangi. Penye nta rangi haipenyi, na nta ikiisha kuchemshwa nakshi hudhihiri. Basi wewe mnunuzi, usimtake fundi huyo akuuzie kwa bei ya mtambo.