Harufu Ilipofika Bungeni

Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hadi mapazia ya Bunge la Uingereza yakaloweshwa chokaa yenye klorini ili wabunge waweze kuketi. Kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu jijini London, na mwaka 1854 daktari John Snow alikwishaonyesha kwamba wagonjwa wengi wa Soho walikunywa maji ya pampu moja, ile ya Broad Street. Hakusikilizwa sana. Iliyosikilizwa ni harufu: katika wiki chache sheria ikapita, fedha zikapatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mitaro mikuu ya chini ya ardhi. Kichekesho ni kwamba wakubwa wengi wa wakati huo waliamini harufu yenyewe ndiyo inayoua. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866 ulishika hasa mashariki mwa jiji, ambako mfumo ulikuwa haujakamilika.

Waingereza haohao walipoitawala Dar es Salaam hawakuwaletea wote mitaro hiyo. Waliendeleza walichokianza Wajerumani: kutenga. Uzunguni kando ya bahari, kisha Uhindini, kisha Uswahilini, na katikati uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na mjini. Hoja ilikuwa afya. Ya nani? Mtawala alijinunulia umbali, na aliyekaa mbali na uvundo hana haraka ya kuchimba.

Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi katika viwanja, lakini mtindo wa kupanga kwa umbali haukuondoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano jijini Dar, na mabomba ya majitaka bado yanafikia sehemu ndogo tu. Kwingine ni choo cha shimo. Kikijaa, gari la kunyonya haliingii kichochoroni, na kulilipa ni shughuli. Basi wapo wanaosubiri masika: mvua ikikolea, shimo linatobolewa ubavuni, kinyesi kinashuka na maji hadi kwa jirani wa bondeni. Huko ndiko kutapisha choo. Kumlaumu anayetapisha ni rahisi kuliko kumwonyesha pa kumwaga.

Wakazi wa Orangi, kitongoji kikubwa cha Karachi nchini Pakistani, walichukua njia ya tatu. Kuanzia 1980 Akhtar Hameed Khan aliwashawishi wakazi wasiingoje serikali. Kila kichochoro kilichagua msimamizi wake, kaya zikachangishana, mafundi wa mradi wakapima mteremko, wakachora ramani na kuazimisha vifaa, wakazi wenyewe wakachimba na kulaza bomba. Gharama ilishuka mno, kwa kuwa hapakuwa na mkandarasi wala mkono wa kupakwa mafuta.

Wafadhili huipenda sana hadithi hii, nami naipenda, ila huikata katikati. Khan hakuiachilia serikali. Mtaa ulijenga bomba la kichochoro. Mtaro mkuu na mtambo wa kusafisha vilibaki kuwa deni la mamlaka. Kaya thelathini hazichimbi njia ya kufika baharini.

Kwa hiyo mkutano ujao wa mtaa wenu, ukitakiwa kuchanga, changa. Kisha simama umuulize mwenyekiti na diwani mbele ya watu: bomba letu likifika mwisho wa kichochoro, litaunganishwa na nini, na lini?