Kazi za karatasi za hadithi

Kazi za mikono ambazo watoto hufanya baada ya kusomewa kitabu cha picha: hukata, hukunja na kubandika wahusika wake. Kitabu kinachofaa mno ni Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994). Handa, binti wa Kijaluo wa Kenya, anampelekea rafikiye Akeyo matunda 7 katika kikapu kichwani. Nyani anadokoa ndizi, mbuni pera, tembo embe, hadi kikapu kinabaki kitupu. Kisha mbuzi anaugonga mchenza, machenza yanakijaza.

Watoto husuka kikapu kwa vipande vyembamba vya karatasi, kimoja juu kimoja chini. Msomaji akifika kwa nyani, ndizi ya karatasi hutolewa kikapuni. Hivyo hata asiyejua kusoma huisimulia hadithi mwenyewe. Huko Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, uji mzito wa unga wa muhogo hutosha kuwa gundi.