Namba 11 na namba 12: sabuni ya mawese katika maji ya Tanganyika

Ukifua nguo kwa maji ya ziwa pale Rumonge, povu huchelewa kushika. Kwanza hutokea utando mweupe juu ya beseni, unanata kingoni, unaganda kwenye kola ya shati, na ukiusugua kwa kidole unahisi kama nta. Watu huilaumu sabuni, lakini sabuni haina kosa. Ndani ya beseni zimekutana elementi mbili jirani, sodiamu na magnesiamu.

Elementi ni dutu ambayo kemia haiwezi kuigawa ikatoa dutu nyingine sahili zaidi. Shaba ni elementi, na oksijeni pia. Mawese si elementi, kwa sababu yameundwa kwa kaboni, hidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Chembe ndogo kabisa ya elementi inayobaki na tabia ya elementi hiyo huitwa atomi. Katikati ya atomi pana kiini, chenye protoni za chaji chanya na nutroni zisizo na chaji. Nje ya kiini ziko elektroni, zenye chaji hasi, zimejipanga ngazi kwa ngazi.

Kitambulisho cha atomi ni idadi ya protoni, yaani namba atomia. Atomi yenye protoni 11 ni sodiamu, iwe kwenye chumvi ya Uvinza, iliyovushwa ziwa kwa biashara tangu zamani, au ndani ya jua. Ikiwa na 12 si sodiamu tena, ni magnesiamu. Nutroni zikizidi au zikipungua jina halibadiliki, na elektroni za nje huja na kuondoka. Kuja na kuondoka huko ndiko kunakoleta takriban kila badiliko tunaloliona jikoni, shambani na kwenye beseni la kufulia.

Rumonge ni mji wa michikichi, na sabuni yake huanzia kwenye mawese. Mafuta hupikwa pamoja na soda kostiki, ambayo ni muungano wa sodiamu, oksijeni na hidrojeni. Yakiiva, kila mkia mrefu wa mafuta huwa umeshikana na sodiamu moja. Sodiamu ina elektroni moja tu katika ngazi ya nje na huitoa upesi, kwa hiyo ni kama mtu mwenye mkono mmoja wa kushika. Mkia mmoja, sodiamu moja: mchanganyiko huo huyeyuka majini na kuondoa uchafu. Bibi zetu walitumia maji ya majivu badala ya soda kostiki. Majivu yana potasiamu, namba 19, ambayo nayo hutoa elektroni moja, na sabuni yake hutoka laini.

Magnesiamu ina elektroni mbili za nje, hivyo ina mikono miwili. Inanyakua mikia miwili kwa mpigo, na kitu kinachotokea hakiyeyuki, huelea. Huo ndio ule utando. Maji ya Tanganyika yana magnesiamu nyingi, hata kuliko kalsiamu, na sehemu kubwa ya madini hayo huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, kwenye miamba ya volkano za Virunga. Kwa hiyo doa la kwenye kola lina asili yake milimani, mbali sana na ufukwe.

Ujamaa huu wa sodiamu na potasiamu ndio uliompa Dmitri Mendeleev wa Saint Petersburg jedwali lake, mwaka 1869. Alizipanga elementi kwa uzito, akaona tabia zinajirudia, akaziweka zinazofanana katika safu moja. Pale ambapo hakuna elementi iliyofaa, aliacha nafasi wazi na kueleza tabia za elementi itakayokuja kukaa hapo. Galiamu ikapatikana 1875, skandiamu 1879, jerimaniamu 1886. Sijui tendo la ujasiri zaidi katika kemia kuliko kuziacha wazi nafasi zile. Mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba mpangilio wa kweli unafuata namba atomia, wala si uzito. Leo jedwali lina elementi 118.

Hatua moja kutoka 11 hadi 12 imetuharibia povu. Lakini kuna mahali katika jedwali ambapo hatua moja haibadilishi karibu chochote, na mahali hapo pana mfano wake juu ya ufukwe huu huu. Ukitoka Rumonge kwenda Bujumbura, ziwa likiwa kushoto, vilima vya kulia karibu na mwisho wa safari vina Gakara. Huko hupatikana madini ya bastnaesite, yenye lanthanamu (57), seriamu (58), praseodimiamu (59) na neodimiamu (60). Wabelgiji waliyachimba wakati wa ukoloni. Uchimbaji ulianza tena 2017, na 2021 serikali ikausimamisha.

Elementi hizi huandikwa katika mstari wa pembeni, chini ya jedwali. Kila protoni inapoongezeka, elektroni mpya haiendi ngazi ya nje. Kwa kawaida inajificha ngazi ya ndani. Sura ya nje inabaki ileile, na kemia huziona elementi kwa sura ya nje. Ndiyo maana ni kazi ngumu kuzitenganisha: myeyusho hupitishwa hatua moja baada ya nyingine, mara nyingi mno, kabla neodimiamu ya sumaku za spika na mota haijatoka peke yake.

Usiku wavuvi wa ndagala huwasha taa ili samaki wasogee. Kile kifuko cheupe cha karabai kilichokuwa kikiwaka kwa gesi ya mafuta ya taa kilitengenezwa kwa oksidi ya thoriamu yenye seriamu kama asilimia 1, na bila kiasi hicho kidogo mwanga ungekuwa hafifu. Mitumbwi mingi sasa hubeba taa za betri. Nyingi za taa hizo huzaa mwanga wa buluu, kisha unga wa njano uliopakwa juu yake huugeuza kuwa mweupe. Kinachoufanya unga huo utoe njano ni seriamu, namba 58, ileile iliyo vilimani Gakara.