Santuri Isiyochakaa

Kijana wa huku Kirua Vunjo akiniuliza kuhusu magitaa mazito, namwelekeza kwanza kwa Sunburst, siyo Marekani. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mwaka uliofuata bendi hii ikazaliwa jijini humo humo, ikachanganya roki na midundo ya kwetu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na albamu yao pekee, Ave Africa, ikatokea Zambia mwaka 1976. Ilirudi sokoni baada ya miaka 40, kwa mkono wa Strut, kampuni ya London. Gitaa bado linakwaruza kama la jana. Sishangai: santuri huchakaa kwa kupigwa, na hii sisi hatukuipiga.