Ila za kamera katika Linux

Fundi wa Salamabila akiletewa kompyuta ambayo kamera yake inamwonyesha mtu kichwa chini, miguu juu, hawezi kusema ina pane. Pane, kwa Kiswahili cha Kongo, ni pikipiki iliyozimika kwenye njia ya Kasongo: chombo kimegoma. Kamera hii haijagoma. Foto inatoka safi, rangi zote zipo, ila imepinduka. Kiwandani waliifunga juu chini, na programu ya Windows ikawa inaigeuza picha kimyakimya. Weka Linux badala ya Windows, siri inatoka. Kompyuta kadhaa za ASUS ziliuzwa hivyo, na maktaba ya programu ya libv4l, kazi ya Hans de Goede, ina orodha ya kompyuta hizo ili picha igeuzwe nyuzi 180.

Waandishi wa Linux huiita tabia kama hiyo quirk. Kwa Kiswahili wengine wangesema kasoro, lakini kasoro hutengenezwa ikaisha. Neno kituko linachekesha mno. Mimi nachagua ila, kwa sababu neno hilo hubeba mambo mawili kwa mkupuo: doa la kitu, na "isipokuwa". Ndivyo kiendeshi, programu inayoiongoza kamera, kinavyofanya kazi: kamera zote zifuate kanuni, ila hii na hii.

Kanuni yenyewe ni UVC, makubaliano ya namna kamera za USB zinavyozungumza na kompyuta. Kiendeshi chake, uvcvideo cha Laurent Pinchart, kiliingia katika kiini cha Linux mwaka 2008, toleo la 2.6.26. Kila kamera ikichomekwa hujitaja kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa; 046d, kwa mfano, ni Logitech. Kiendeshi kinazitafuta katika jedwali lake. Kikizikuta, kinasoma ila zilizoandikwa mbele ya namba hizo na kubadili mwenendo kwa kamera hiyo peke yake.

Ila inayosumbua zaidi ni ya ulafi. Picha ya nukta 320 kwa 240, baiti 2 kila nukta, mara 30 kwa sekunde, inahitaji takriban megabaiti 4.6 kwa sekunde. Kamera isiyo na adabu hudai 24 na ushei, kiwango cha juu kabisa ambacho USB 2.0 inaruhusu kwa mkondo mmoja wa aina hiyo. Chomeka ya pili kama hiyo, na kompyuta inajibu kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Hapo mtu anaanza kufuta video na nyimbo kwenye diski, maskini, kumbe nafasi inayosemwa ni ya njia ya USB. Dawa ni ila namba 128: kiendeshi kinapuuza dai la kamera na kupiga hesabu chenyewe kutokana na ukubwa wa picha. Hesabu hiyo inafaa kwa picha zisizobanwa tu. Kwa zilizobanwa, ukubwa haujulikani mapema.

Kamera isiyomo kwenye jedwali haihitaji kusubiri toleo jipya. Ondoa kiendeshi kwa amri ya modprobe -r uvcvideo, kisha kirudishe kwa modprobe uvcvideo quirks=128. Ikikubali, chukua namba zake mbili kwa amri ya lsusb uwapelekee wanaotunza kiendeshi. Bila namba hizo hawana pa kuiandika kamera katika jedwali.